Kadi ya Mwaka Jana

Wiki ile ambayo Len Sobczak alitakiwa kwenda Albany, makao makuu ya jimbo, kuuangusha mswada, mama yake alikuwa hasemi naye.

Bi Wanda Sobczak hakuwahi kufanya jambo kimyakimya, na hata kununa kwake kulikuwa na kelele. Kila Len aliposhuka kutoka ghorofani kwake kuja kumjulia hali, bibi aliongeza sauti ya redio mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Akiulizwa kama amekunywa dawa, alimjibu paka. "Mwambie nimekunywa," alimwambia paka, na paka alimtazama Len kwa jicho la mtu anayejua kisa kizima.

Len alikuwa na miaka hamsini na nane, sajenti mwenye kifua kipana na sauti ya kuamsha mtaa, mwenyekiti wa Chama cha Polisi wa Port Hollis kwa vipindi vitatu. Mameya wawili walikimbilia kustaafu kwa sababu yake, au ndivyo alivyopenda kusimulia baada ya bia ya pili. Sasa alikuwa na vita kubwa kuliko za mameya. Kuna mswada ulikuwa umepelekwa kwenye Seneti ya jimbo, uliosema kwamba mtu akikamatwa kwa kosa dogo, leseni iliyofungiwa, faini ambayo haijalipwa, shati lililotoka dukani bila kulipiwa, basi apewe hati ya kuitwa mahakamani aende zake nyumbani, asiwekwe rumande mpaka apate wa kumwekea dhamana. Chama kiliukataa kwa nguvu zote. Len mwenyewe alisimamisha mabango ya buluu kwenye theluji mbele ya nyumba za watu, yaliyoandikwa kwamba mswada huo utawaachia wahalifu mitaani, na kwa mwezi mzima hakuna mtu aliyekula naye mezani bila kuusikia.

Kilichomnunisha Bi Wanda si siasa. Siasa alizifurahia, hasa watu walipogombana. Kilichomnunisha ni Doreen.

Doreen Tibbs alikuwa amemtunza bibi huyo kwa miaka sita. Alikuja asubuhi, akamwogesha, akampa vidonge, akampeleka misa kwa gari lake mwenyewe lililokohoa kila kona, na mchana akamfunga kwenye mchezo wa bingo bila huruma. Katika mji mzima ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia Bi Wanda "hebu nyamaza kidogo" na kesho yake akakaribishwa chai. Sasa, Jumatatu ya wiki iliyotangulia, Doreen alisimamishwa njiani kwa sababu taa yake ya nyuma ilikuwa imeungua. Ikagundulika leseni yake imefungiwa kwa faini ya zamani, ambayo barua yake ilikwenda kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Doreen hakubabaika. Alifungua mkoba akatoa kadi.

Kadi hiyo haimo katika sheria yoyote, lakini mjini Port Hollis inajulikana kuliko kitambulisho. Kila mwaka chama huchapisha kadi zenye nembo yake, kila polisi hupewa fungu lake awagawie watu wake. Ukisimamishwa unaitoa pamoja na leseni, polisi anaitazama, anauliza shangazi fulani hajambo, anakuambia endesha taratibu, mnaagana. Hakuna aliyeuita mtindo huo upendeleo. Uliitwa heshima. Bi Wanda, kwa kuwa mama wa mwenyekiti, alipata fungu nono, akaligawa kwa ukarimu wa mtu anayegawa mali isiyo yake: Padri Casimir, msusi wake, muuza samaki, yule jamaa anayezoa theluji. Nusu ya parokia iliendesha magari kama wendawazimu, kwa amani kabisa.

Ila kadi hubadilishwa rangi kila mwaka, watu wasije wakarithishana. Ya mwaka jana ilikuwa ya buluu. Ya mwaka huu ni ya damu ya mzee, na zote zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la ofisi ya chama kwa amri ya Len mwenyewe. Alihofia mwandishi wa gazeti akinusa habari za kadi wakati wao wanapiga kelele kwamba sheria ni sheria. "Mpaka mswada ufe," aliwaambia wanachama, "hakuna kadi kutoka." Kwa hiyo tangu mwaka uanze mji mzima ulikuwa ukitembelea kadi zilizokufa. Msusi wa Bi Wanda alipigwa faini mara mbili katika juma moja, na Len alipokwenda kukatwa nywele akarudi na upande mmoja mfupi kuliko mwingine.

Polisi aliyemsimamisha Doreen alikuwa kijana Pruski, mgeni kazini, mtiifu hadi kero. Somo la kadi alifundishwa na Len: kadi ya mwaka jana si kadi. Pruski aliitazama ile ya buluu, akamrudishia Doreen kwa adabu, akamtia pingu kwa adabu vilevile. Hakimu akataja dhamana ambayo Doreen hakuwa nayo. Alikaa rumande mpaka Jumatano asubuhi, dada yake alipoipata.

Na alipotoka, hakurudi kwa Bi Wanda.

Wakala wa watunzaji alileta mwingine, Bi Wanda akamfukuza kwa kosa la kumwita "kipenzi". Akaletwa wa pili, akafukuzwa kwa kuchemsha maji ya chai kwenye mashine ya kupashia chakula. Wa tatu hakuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomuudhi bibi zaidi. Wakala akasema hana mtu mwingine. Ndugu yake Len, Ted, akapiga simu kutoka Arizona, kule ambako watu hutoa ushauri huku wakiota jua, akasema nyumba ya wazee ya barabara ya Delmar ina chumba, na wamekubali kukishikilia hadi Ijumaa adhuhuri.

Len aliijua nyumba ile. Aliwahi kuitwa huko kikazi. Alikumbuka korido ndefu yenye harufu ya kabichi, na televisheni iliyokuwa ikiongea peke yake mbele ya wazee waliolala vitini. Alimwaza mama yake pale, bila jiko lake, bila mtu wa kugombana naye, na yeye ambaye aliwahi kuingia nyumba yenye mtu mwenye bunduki bila kuogopa, akaogopa. Alimpenda mama yake. Hakuwa akilisema neno hilo, ila pale kwenye sinki la vyombo alisugua kikombe kimoja cha mama yake mara tatu.

Jumanne, mkesha wa Kwaresima, alikwenda kwa Doreen na boksi la maandazi ya jamu.

Doreen alifungua mlango, akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Karibu, mwenyekiti. Umekuja na pingu?"

"Nimekuja na maandazi."

"Afadhali. Pingu zenu zinabana. Pita."

Walikaa jikoni. Len alikula andazi moja, kisha la pili, kwa kuwa mdomo ukiwa na kazi hauombwi kusema. Mwishowe alitia mkono mfukoni akaweka mezani kadi mpya ya damu ya mzee.

"Hii ya nini?" Doreen aliuliza.

"Ya mwaka huu. Ungekuwa nayo siku ile, yasingetokea."

"Yasingenitokea mimi," Doreen alisema. "Yangemtokea nani basi? Maana yule kijana wenu alikuwa na kiu siku ile, lazima angeondoka na mtu."

"Doreen, unanitesa."

"Bado sijaanza. Kule ndani nililala na binti mmoja aliyechukua maziwa ya mtoto dukani. Alilia mpaka akapata kwikwi. Huyo, mama yake hajui hata kama kuna kadi." Aliisukuma ile kadi kwa kidole kimoja mpaka ikarudi upande wa Len. "Chukua. Mpe mwenye kupenda kuendesha kasi. Mpe padri."

"Rudi, tafadhali. Mama haongei na mtu. Anaongea na paka."

"Siku zote anaongea na paka."

"Sasa paka ndiye mkalimani wake."

Doreen alitaka kucheka, akajizuia. "Nikuambie ukweli, Len. Mama yako namkumbuka mpaka naumwa. Lakini siwezi kumwogesha mama wa mtu anayekwenda Albany kuwaambia wakubwa kwamba mimi ni hatari."

"Sisemi wewe! Nasema mswada."

"Umeusoma?"

"Nimeusoma," Len alisema. Alikuwa amesoma muhtasari wa wakili wa chama, tena nusu yake.

"Ukurasa wa nne ni mimi. Mimi na taa yangu ya nyuma. Basi nisikilize. Seneta Oyler, mwenye mswada, ameniita nikatoe maneno mbele ya kamati Alhamisi, siku hiyohiyo yako. Mimi nitasema yangu. Wewe ukisimama pale ukaeleza mambo yalivyokuwa, yote, bila kukata, Jumatatu nitarudi kwa mama yako. Ukiwasomea yale ya kwenye mabango, mtafutie mtu mwingine."

"Yote?"

"Yote. Mbona umebadilika rangi? Kunywa maji."

Len alikunywa maji, akala andazi la tatu bila kulisikia ladha.

Kulikuwa na jambo ambalo Doreen hakulijua. Jumatatu ileile aliyokamatwa, kabla jua halijazama, Bi Wanda alipiga simu ofisi ya chama. "Wamemkamata Doreen. Mtoe." Kumtoa kulihitaji simu moja tu, na Len alikuwa amekwisha kupiga simu za aina hiyo kwa ajili ya wapwa, majirani, na mara moja kwa ajili ya mtu aliyeuza magari yaliyooza. "Nitashughulikia, Mama," alisema. Kisha akakata simu, akarudi kufanya mazoezi ya hotuba yake. Aliwaza kwamba mwenyekiti akionekana kumtoa mtunzaji wa mama yake, siku chache kabla ya kikao, magazeti yatamla na haradali. Akaacha mambo yaende kwa utaratibu. Kwa mara ya kwanza tangu avae sare, Len Sobczak alifuata sheria neno kwa neno, na ndilo jambo bovu kuliko yote aliyowahi kufanya.

Mama yake alilijua. Ndiyo maana ya paka.

Kwa hiyo Len alikuwa amebanwa kote. Akificha, amevunja sharti la Doreen, na mama anajua. Akisema, Doreen atasikia kwa masikio yake kwamba aliachwa mle ndani kwa makusudi na mtu ambaye angemtoa kabla chai haijapoa. Mtu gani angerudi baada ya hapo?

Alhamisi basi la chama liliondoka alfajiri, limejaa wanaume wanene na kahawa. Kwenye kiti cha pembeni ya Len alikaa Stan Gorecki, makamu wake, aliyekuwa akikingoja kiti cha mwenyekiti kama mtu anayengoja choo cha abiria. Stan alisimama kwenye ujia akaanza kutoa maelekezo.

"Sikilizeni wazee! Akiitwa yeyote anayeunga mkono mswada, tunasimama wote, tunageuka, tunampa migongo. Hakuna kuzomea. Hakuna kuburuta viti. Si ndiyo, mwenyekiti?"

"Ndiyo," Len alisema. Mtindo huo aliuanzisha yeye, enzi za meya wa pili, na namna ya kusimama bila kiti kulia aliwafundisha yeye, wakajaribu ukumbini jioni nzima mpaka magoti yakawauma.

"Wa kwanza wao atakuwa huyo mama Tibbs."

"Doreen amekupakulia pierogi za viazi, Stan. Krismasi. Ulirudia sahani mara mbili."

"Na zilikuwa tamu, sikatai," Stan alisema. "Lakini leo hatukuja kula."

Chumba cha kamati kilikuwa na mbao za kung'aa na joto la kupita kiasi. Mbele kabisa, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa Bi Wanda na kofia yake ya misa. Padri Casimir ndiye aliyemleta, pamoja na Doreen; padri alikuwa amepigwa faini kabla hata hawajatoka Port Hollis, na uso wake haukuwa na msamaha mwingi. Doreen alikaa katikati yao, mkoba mapajani, amevaa vizuri. Hakumtazama Len. Bi Wanda alimtazama, tena bila kupepesa.

Len aliitwa wa kwanza. Alisoma karatasi yake. Sauti yake ilijaza chumba, na wenzake nyuma walitikisa vichwa mahali walipotakiwa kutikisa. Alipomaliza, Seneta Marguerite Oyler, mwenye mswada wake, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya mnyororo na upole wa mwalimu wa darasa la kwanza, aliinua kalamu.

"Ahsante, Bwana Sobczak. Nina swali dogo tu. Unamfahamu Bi Doreen Tibbs?"

"Namfahamu, mheshimiwa."

"Ni mtu hatari?"

"Kwenye bingo tu, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Len naye angecheka, lakini koti lilikuwa limeanza kumbana makwapani.

"Basi kwa nini aliwekwa rumande?"

Hapo angeweza kutaja kifungu cha sheria. Alikuwa nacho kwenye karatasi. "Kadi yake ilikuwa ya mwaka jana," alisema.

Nyuma yake Stan alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

"Kadi gani hiyo?" Seneta aliuliza.

"Ni... kadi tu, mheshimiwa. Ya chama. Ya watu wetu."

"Inafanya kazi gani?"

"Haifanyi kazi. Inaonyeshwa."

"Ikionyeshwa?"

"Mtu anaambiwa aendeshe taratibu."

"Anakwenda nyumbani."

"Kwa kawaida."

"Na asiyekuwa nayo, kwa kosa lilelile?"

"Kwa kawaida haendi."

Seneta alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Nisaidie, Bwana Sobczak, mimi ni mzito wa kuelewa. Mswada wangu unasema mtu wa kosa dogo aende nyumbani angoje siku ya mahakama. Nyinyi tayari mnafanya hivyo, kwa kadi. Sasa mimi nikitaka kuwapa kadi watu wote, ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni huohuo, mheshimiwa," Len alisema, maana ndilo lililokuwa la kwanza kinywani. "Watu wote ni wengi mno."

Kicheko kilichofuata kilianzia kwa waandishi wa habari kikamaliziwa na maseneta. Bi Wanda alifunika macho kwa mkono. Seneta Oyler aliandika kitu, akatabasamu kwa huruma iliyouma kuliko tusi. "Ahsante. Nimemaliza mimi."

Len alikuwa ameaibika, lakini alikuwa amepona. Hakuna aliyemuuliza lile jingine. Angeweza kuinuka akarudi kwa wenzake, akataniwa njia nzima, na uenyekiti ukabaki kwake. Alimtazama Doreen. Kwa mara ya kwanza naye alikuwa anamtazama, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama radhi. Bila shaka alidhani amekwisha kuyasikia yote.

"Mimi sijamaliza," Len alisema.

Mwenyekiti wa kamati alitazama saa. "Kwa ufupi, bwana."

"Siku aliyokamatwa, mama yangu alinipigia simu nimtoe. Simu moja ingetosha. Nimewahi kuwatoa wengine wengi. Sikupiga. Niliogopa kuandikwa gazetini kabla sijaja hapa. Nikamwacha alale mle mpaka Jumatano, na nilijua kwamba hana kosa la kumlaza mtu ndani. Sikumwambia. Anasikia sasa hivi, pamoja na nyinyi." Aliikunja karatasi yake. "Mswada huu bado siupendi. Ukurasa wa kumi na mbili ni upuuzi mtupu, na nitaupinga mpaka mwisho. Lakini ukurasa wa nne uacheni ulivyo. Huo uacheni."

Nyuma yake hakikusikika kitu. Hakuna kiti kilicholia. Len hakugeuka kutazama, kwa kuwa alikijua kimya kile, alikifundisha mwenyewe. Wenzake wote walikuwa wamesimama na kumpa migongo.

Alipoondoka mezani aliwakuta hivyo, safu kwa safu za shingo nyekundu, na Doreen Tibbs alipoitwa, migongo ilikuwa tayari imeshageuzwa, hapakuwa na la kuongeza. Doreen alikaa kwenye kiti alichokiacha Len. Alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu, na Len alijua ni kwa sababu ya maneno yake.

Ndipo sauti ya Bi Wanda ikatoka mbele, kali, ya kunyamazisha parokia.

"Stanley Gorecki! Geuka!"

Mwenyekiti wa kamati aligonga meza. "Mama, tafadhali, kimya ukumbini."

"Nitanyamaza akigeuka. Nimemlisha huyu tangu hana meno ya mbele, sasa ananionyesha upara. Na wewe Pruski, nakuona unavyojificha. Ulimtia pingu ukimtazama, basi msikilize ukimtazama."

Pruski aligeuka wa kwanza. Alikuwa mtiifu. Stan alijikaza kidogo, masikio yakawa mekundu, kisha naye akageuka, na baada yake wengine, mmoja baada ya mwingine, wakikwepa jicho la bibi, mpaka wanaume wote wale wakawa wamesimama wanamtazama Doreen kama watoto walioitwa mbele ya darasa.

Doreen alisema maneno machache. Hakueleza pingu wala hakimu. Alieleza kwamba kule ndani hakulala kwa sababu ya vidonge vya Bi Wanda. Cheupe hunywewa kabla ya chakula, cha njano baada, na kuna kimoja ambacho bibi hukitema akidhani hujaona. Hakuna mwingine katika nyumba ile aliyejua. "Nilikaa macho," alisema, "nikiwaza kwamba huko nje atakufa mtu, na wa kumuua si mimi niliyeambiwa ni hatari." Kisha akashukuru, akainuka.

Mswada ulipita kwenye kamati kwa tofauti ya kura moja. Basi la chama liliondoka bila Len. Padri Casimir alimwonea huruma, akampa nafasi nyuma ya gari, amebanwa kati ya mlango na kiti cha magurudumu kilichokunjwa. Walipokuwa wakimpakia Bi Wanda, Doreen alimsogelea Len.

"Jumanne ulikaa jikoni kwangu ukijua hilo."

"Ndiyo."

"Ukala maandazi mawili."

"Matatu."

Doreen hakucheka. Alipanda mbele, akafunga mkanda, na safari nzima, maili kwa maili ya mashamba yenye theluji, hakuna aliyemsemesha Len. Alitaka kuomba msamaha, lakini kila alipofungua kinywa gurudumu lilimgusa kidevu.

Ijumaa asubuhi wanachama walikutana wakamchagua Stan kwa kupiga makofi. Len aliletewa vitu vyake kwenye boksi. Hilo halikumuuma kama alivyotazamia. Kilichomuuma ni saa ya ukutani jikoni kwa mama yake, iliyokuwa ikisogea kuelekea adhuhuri. Nyumba ya wazee ilipiga simu. Walitaka kujua: bibi anakuja au wampe chumba mwingine?

Len alishika simu, akaifunika kwa kiganja. "Mama, Doreen hajasema lolote."

Bi Wanda alizima redio. Paka alikuwa mapajani, lakini bibi hakumwambia paka. "Najua hajasema," alimwambia Len, akimtazama usoni. "Waambie siendi."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi utaniogesha wewe. Na nitapiga kelele mtaa mzima usikie. Waambie."

Len akawaambia. Aliporudisha simu mahali pake alishindwa kujizuia, akainama akambusu mama yake kwenye paji la uso. "Basi, basi," mama alisema, "unaniangushia kofia." Hakuwa amevaa kofia.

Jumamosi ikapita. Jumapili ikapita, naye alijaribu kumpa vidonge akakosea kile cheupe, akatukanwa kwa Kipolandi. Usiku huo Len alilala vibaya sana.

Jumatatu asubuhi alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Kisha maji yakimiminika bafuni. Kisha mama yake akilalamika kwamba maji ni ya moto, na sauti ya pili ikimwambia hebu nyamaza kidogo. Len aliteremka ngazi mbili mbili, soksi mguuni, akafika kwenye mlango wa chini wa ngazi, njia yake pekee ya kutokea nje, akashika kitasa. Umefungwa kwa ndani.

"Doreen?"

Maji yakafungwa. Nyayo zikaja taratibu, zikasimama upande wa pili wa ubao.

"Nimerudi kwa mama yako," Doreen alisema. "Kwako sijarudi."

"Nataka kukuomba msamaha."

"Omba."

Alikuwa amejiandaa tangu Alhamisi, na sasa hotuba yote ikampotea. "Nisamehe, Doreen. Nilikuacha mle. Nimekosa."

Len aliegemeza paji lake kwenye mbao.

"Nimesikia," Doreen alisema mwishowe. "Sasa rudi juu ukakae."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Jumatano asubuhi."

Huko ndani Bi Wanda alipasuka kicheko, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia kwa wiki mbili. "Muulize kama ana mtu wa kumwekea dhamana!"

Len alitaka kucheka nao, kwa kuwa ulikuwa mzaha. Akangoja Doreen aongeze neno, afungue komeo, aseme haya njoo unywe chai. Komeo halikusogea.

"Nina zamu saa nane mchana, Doreen."

"Hata mimi nilikuwa na kazi," Doreen alisema, na nyayo zake zikarudi bafuni.

Len alipanda ngazi moja moja, akapiga simu kituoni kuomba ruhusa, na Stan, aliyeipokea, alipomuuliza ana dharura gani, akasema atarudi kazini Jumatano.